Gari la Laki Moja: Historia ya Tata Nano na Heshima ya Mnunuzi wa Kipato cha Chini

Mhadhara uliotolewa mbele ya wahandisi, wafanyabiashara, madereva na wanafunzi wa vyuo vya ufundi, Dar es Salaam

Mmeacha shughuli zenu jioni ya siku ya kazi mkaja kusikiliza habari za gari ambalo wengi wenu hamjalipanda, na ambalo sasa halitengenezwi tena.

Gari hilo ni Tata Nano ya India. Lilionyeshwa hadharani Januari 2008, likaanza kuuzwa mwaka uliofuata, na mwaka 2018 kiwanda chake kikaacha kulitengeneza. Ni umri wa miaka kumi tu, lakini ndani ya miaka hiyo yamo mambo ambayo kila anayetaka kumtengenezea kitu mtu wa kipato cha chini, awe Mumbai au Manzese, anapaswa kuyajua.

Lengo langu ni kuonyesha kwamba Nano haikufa kwa sababu wahandisi wake walishindwa kazi, wala kwa sababu watu wenye kipato kidogo hawakuhitaji gari. Ilikufa kwa sababu bei ilipangwa kwanza, na heshima ya watu watatu ikaachwa nje ya hesabu. Watu hao ni mkulima aliyekuwa na ardhi, mnunuzi aliyekuwa na fedha, na abiria aliyekabidhi maisha yake kwa gari hilo. Nitalieleza jambo hili kwa hoja tano, kisha niseme neno kuhusu sisi wenyewe.

Hoja ya kwanza: Wazo la Nano lilitokana na shida ya kweli

Ratan Tata aliliongoza kundi la makampuni ya Tata tangu 1991 hadi 2012. Alisomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na alikuwa na jicho la mtu anayetazama jinsi watu wanavyoishi. Alieleza mara nyingi kwamba wazo la gari hili lilimjia kutokana na familia alizokuwa akiziona barabarani juu ya skuta. Baba ameshika usukani, mtoto mkubwa amesimama mbele yake, mama amekaa nyuma akiwa amepakata mtoto mchanga, na barabara imelowa mvua. Akajiuliza kwa nini watu hawa wasipate chombo kilicho salama zaidi, kwa bei wanayoimudu.

Ndugu wasikilizaji, sisi hatuhitaji kuelezwa zaidi. Watu wanapakizana mishikaki kila asubuhi kutoka Mbagala na Gongo la Mboto, mtoto wa shule akiwa katikati na begi lake mgongoni. Sheria inakataza, lakini nauli na umbali vinawalazimisha. Kwa hiyo nawaomba msilitazame wazo la Nano kama ndoto ya tajiri aliyetaka sifa. Shida aliyoiona ilikuwepo, na hata leo ipo.

Kampuni ya magari ya Tata haikuwa na historia ndefu ya magari madogo. Ilianza 1945, na tangu 1954 ikawa inatengeneza malori kwa ushirikiano na Daimler-Benz. Malori na mabasi yake tunayafahamu vizuri katika barabara zetu. Gari dogo la kwanza ililolibuni yenyewe, Indica, lilitoka 1998. Wakati huo gari la kuanzia maisha kwa familia ya Kihindi lilikuwa Maruti 800, lililotengenezwa kwa ushirikiano na Suzuki ya Japani tangu 1983, na bei yake ilikuwa karibu rupia laki mbili. Kati ya pikipiki na Maruti hapakuwa na kitu.

Sasa angalieni jinsi bei ilivyopatikana. Ratan Tata alikuwa akizungumza na mwandishi wa habari, na katika mazungumzo hayo akataja kiasi cha kama rupia laki moja. Gazeti likakichapisha. Badala ya kukanusha, akaamua kukifanya shabaha. Tangu siku hiyo bei ilitangulia mbele na gari likawa linaifuata nyuma. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu kila kitakachofuata kinatoka hapo.

Hoja ya pili: Wahandisi walithibitisha kwamba inawezekana

Kazi ilikabidhiwa timu ya wahandisi wapatao 500 chini ya Girish Wagh. Wanafunzi wa ufundi, sehemu hii ni yenu, iandikeni.

Injini iliwekwa nyuma, ya silinda mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 624, yenye nguvu ya farasi 35 hivi. Ilipowekwa nyuma, nafasi ya mbele ikawa ya watu. Gari lilikuwa na urefu wa mita 3.1 tu, fupi kuliko Maruti 800 kwa asilimia 8, na bado nafasi yake ya ndani ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 21. Mtu mrefu alikaa bila kuinamisha kichwa. Mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 105 kwa saa, na katika majaribio rasmi ya India lita moja ya petroli ililipeleka zaidi ya kilomita 23.

Kubana gharama kulifanyika kipande kwa kipande. Tairi lilifungwa kwa nati tatu badala ya nne. Waipa ilikuwa moja. Toleo la chini lilikuwa na kioo kimoja cha pembeni, upande wa dereva. Buti halikuwa na mlango, mzigo uliingizwa kwa kulaza kiti cha nyuma. Mafuta yalijazwa kwa kufungua boneti ya mbele. Timu ile ilifanya kazi kama fundi cherehani aliyepewa kitambaa kifupi cha kushona suti, anayepima kila kipande kabla ya kugusa mkasi.

Kulikuwa pia na ubunifu katika kushirikiana na wasambazaji wa vipuri. Kwa desturi kiwanda kikubwa humkabidhi msambazaji mchoro na kumwambia atengeneze hivyo hivyo. Hapa wasambazaji waliitwa mapema, wakaelezwa bei inayotakiwa na kazi ambayo kipuri kinapaswa kufanya, kisha wakaachiwa nafasi ya kubuni. Bosch, kampuni ya Ujerumani, ilitengeneza mfumo wa kuendesha injini ile ndogo kwa gharama ambayo haikuwahi kufikiwa.

Tarehe 10 Januari 2008, katika maonyesho ya magari ya New Delhi, Ratan Tata aliliendesha gari hilo mwenyewe hadi jukwaani. Katika miaka ya maandalizi bei ya chuma ilikuwa imepanda sana. Hata hivyo alitangaza kwamba toleo la chini litauzwa rupia laki moja kabla ya kodi na usafirishaji, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na kwa upande wa bei deni hilo alililipa. Yale mengine yaliyokuwa yanadaiwa ndiyo ninayoyaendea sasa.

Hoja ya tatu: Mkulima wa Singur hakuulizwa

Kiwanda cha Nano kilipangwa kujengwa Singur, katika jimbo la West Bengal, kilomita kama 40 kutoka Kolkata. Serikali ya jimbo ilikuwa ya mrengo wa kushoto, chama cha wakulima na wafanyakazi kwa miaka mingi, na kiongozi wake Buddhadeb Bhattacharjee alitaka kwa dhati kurudisha viwanda kwenye jimbo lililokuwa likivipoteza. Nia yake sina sababu ya kuitilia shaka.

Lakini ardhi iliyochaguliwa, ekari 997, ilikuwa ya rutuba, yenye mashamba ya mpunga na viazi. Ilitwaliwa mwaka 2006 kwa kutumia sheria ya 1894, iliyotungwa na Waingereza walipokuwa wakiitawala India. Sheria hiyo iliipa serikali uwezo wa kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, ridhaa ya mwenye ardhi ikitolewa au isitolewe. Wengi walipokea hundi. Wengine walikataa, na madai yao yalikuwa ya kurudishiwa ekari zipatazo 400. Waliolima mashamba ya wenzao kwa kugawana mavuno, pamoja na vibarua, ndio walioumia zaidi, maana riziki yao ilikuwa kwenye ardhi hiyo lakini hati haikuwa na majina yao.

Desemba 2006 mwanasiasa wa upinzani, Mamata Banerjee, aligoma kula kwa siku 25. Agosti 2008 waandamanaji walizuia barabara kuu iliyopita kando ya kiwanda. Tarehe 3 Oktoba 2008, majengo yakiwa karibu kukamilika, Ratan Tata alitangaza kuondoka. Siku chache baadaye jimbo la Gujarat, chini ya Narendra Modi, liliipa kampuni ardhi Sanand. Kiwanda kipya, chenye uwezo wa kutoa magari 250,000 kwa mwaka, kilifunguliwa Juni 2010.

Yaliyofuata huko West Bengal yanajulikana. Mwaka 2011 serikali iliyokuwa madarakani kwa miaka 34 ilishindwa uchaguzi, na Mamata Banerjee akawa waziri kiongozi wa jimbo. Mwaka 2013 India ilitunga sheria mpya ya kutwaa ardhi kuchukua nafasi ya ile ya 1894. Agosti 2016 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba utwaaji wa Singur haukuwa halali na ardhi irudishwe kwa wenyewe. Ilikuwa imepita miaka kumi, na zege lilibidi livunjwe ili mashamba yaonekane tena.

Niruhusuni niseme wazi. Wapo wanaosema wakulima wa Singur waliua maendeleo. Mimi sikubaliani nao. Gari lililokusudiwa kumwinua mtu mdogo lilianza safari yake kwa kumnyang'anya mtu mdogo mwingine shamba lake. Mradi uliochelewa karibu miaka miwili ulicheleweshwa na uamuzi wa kutomuuliza, na gharama ya kuhamisha kiwanda kizima ilikuwa kubwa kuliko gharama yoyote ya kukaa naye chini ya mti mkazungumza.

Hoja ya nne: Mnunuzi hakutaka kuitwa maskini

Mauzo yalizinduliwa Mumbai tarehe 23 Machi 2009. Mwezi uliofuata watu zaidi ya 200,000 walilipia oda. Magari hayakuwepo, kwa hiyo ikapigwa bahati nasibu ya kupata wanunuzi 100,000 wa kwanza. Gari la kwanza lilikabidhiwa Julai 2009, na magari yalikuwa yakitoka kidogo kidogo kutoka kiwanda cha muda cha Pantnagar, kaskazini mwa India. Wengine walingoja zaidi ya mwaka. Hamu ya mnunuzi haingoji hivyo.

Wakati huo huo baadhi ya magari yaliwaka moto barabarani. Idadi yake ilikuwa ndogo, lakini picha zilienea nchi nzima. Kampuni ilijitolea kuongeza vifaa vya kinga bila malipo. Hata hivyo mtu aliyekusanya akiba ya miaka ili awahamishe watoto kutoka kwenye pikipiki hawezi kuiona picha kama hiyo akaisahau.

Lakini jambo lililoiumiza Nano zaidi lilikuwa sifa yenyewe iliyoipa umaarufu. Dunia nzima ilitangaziwa kwamba hili ndilo gari la bei ya chini kuliko yote. Fikirini mtu anayetoka kwenye pikipiki kwenda kwenye gari. Amejinyima, amekopa, na siku anayoliegesha mbele ya nyumba majirani wanatoka kutazama. Anataka waone kwamba amepiga hatua. Gari ambalo kila mtu anajua ni la bei ya chini kabisa linawaeleza majirani kwamba huyu hakuweza zaidi ya hapo. Basi yule mwenye pikipiki akaongeza fedha kidogo akanunua Maruti iliyotumika, au akabaki na pikipiki yake hadi hali iruhusu. Ratan Tata mwenyewe alikuja kukiri, baada ya kustaafu, kwamba kulinadi gari kwa bei yake ya chini lilikuwa kosa.

Tarakimu zinasema hivyo hivyo. Novemba 2010, kiwanda cha Sanand kikiwa kimeshafunguliwa, ziliuzwa Nano 509 tu nchi nzima. Mwaka wake mzuri kuliko yote, 2011 hadi 2012, ziliuzwa kama 74,500, chini ya theluthi moja ya uwezo wa kiwanda. Baada ya hapo zilizidi kupungua.

Wafanyabiashara mliopo mnaijua hali hii kutoka kwenye yadi zenu. Anayeagiza Vitz au Passo iliyotumika Japani hasemi amenunua gari la bei rahisi. Anasema amenunua gari. Analisafisha kila Jumapili, na hakuna anayemuuliza kwa nini hakununua kubwa zaidi. Muuzaji anayemfahamu mteja wake humpunguzia bei kimya kimya na humsifia bidhaa kwa sauti.

Hoja ya tano: Abiria aliahidiwa usalama

Januari 2014 shirika la Global NCAP lilitoa matokeo ya majaribio ya kugongesha magari madogo ya India kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Nano ilipata nyota sifuri katika kumlinda mtu mzima. Haikuwa peke yake, magari mengine yaliyojaribiwa yakiwa bila mifuko ya hewa nayo yalipata sifuri. Lakini kwa Nano matokeo hayo yalikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu gari hili lilibuniwa ili familia iwe salama.

Najua baadhi yenu mnajiuliza, na swali ni la haki: je, nyota sifuri ndani ya bati si bora kuliko watu wanne juu ya skuta? Kwa mvua na kwa ajali ndogo za mjini, huenda. Lakini mtu akiingia ndani ya gari hubadilika. Huendesha kwa kasi zaidi, huenda mbali zaidi, hutoka barabara za mtaani akaingia barabara kuu ya mabasi na malori. Anafanya hivyo kwa sababu anaamini gari litamlinda. Anayemuuzia gari amemuuzia na imani hiyo, na anawajibika kwayo.

Kampuni ilijaribu kurekebisha. Mwaka 2014 ilileta toleo lenye usukani mwepesi, na 2015 toleo lenye mlango wa buti na gia za kujiendesha. Maboresho yalikuwa mazuri, lakini kila moja lilipandisha bei, na bei ndiyo iliyokuwa sababu ya gari kuwepo. Cyrus Mistry, aliyempokea Ratan Tata uenyekiti, aliandika mwaka 2016 baada ya kuondolewa kwamba Nano ilikuwa ikileta hasara mfululizo. India nayo ilikuwa inaleta masharti mapya: majaribio ya ajali kwa aina zote za magari kuanzia Oktoba 2019, na viwango vikali vya moshi kuanzia Aprili 2020. Kulifikisha gari lile kwenye masharti hayo kungegharimu kuliko ambavyo lingerudisha.

Juni 2018 kiwanda kilitengeneza Nano moja tu mwezi mzima. Jumla ya zote kwa miaka yote ilikuwa karibu laki tatu, kiasi ambacho Sanand ilijengwa ikitoe kwa mwaka mmoja na miezi michache.

Tunakoelekea

Mheshimiwa Mwenyekiti, nisingependa watu waondoke hapa wakidhani juhudi zile zote zilipotea. Kiwanda cha Sanand kinafanya kazi. Tangu 2016 kinatengeneza Tata Tiago, gari dogo lisilonadiwa kwa umaskini wa mtu yeyote, na mwaka 2020 Tiago ilipata nyota nne katika majaribio yale yale. Kabla yake, Desemba 2018, Tata Nexon ilikuwa gari la kwanza lililotengenezwa na kuuzwa India kupata nyota tano katika majaribio hayo. Kampuni ile ile, iliyoadhibiwa kwa kuweka bei mbele ya mtu, ilijifunza, na ikajifunza haraka.

Sisi pia tunajenga. Pale Kibaha kuna Nyumbu, ambako wahandisi wetu wamekuwa wakitengeneza magari kwa miongo kadhaa. Uganda, vijana wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa Kiira EV mwaka 2011, na kutoka hapo likazaliwa shirika zima la magari. Bodaboda na bajaji za umeme zimeanza kuonekana Dar es Salaam, Nairobi na Kigali. Miaka michache ijayo mtu katika eneo letu atasimama jukwaani na kusema ametengeneza chombo cha kila mwananchi.

Kabla hajasimama, namtaka awe amejibu maswali matatu. La kwanza: mwenye ardhi ameulizwa na kulipwa? Sheria zetu za ardhi za 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Isimamiwe hivyo, na aliyelima bila hati naye ahesabiwe. La pili: mnunuzi ameshirikishwa kabla bei haijatangazwa? Viongozi wa madereva mliopo, msingoje kuonyeshwa chombo kilichokamilika. Daini viti kwenye meza ya usanifu, kwa kuwa ninyi mnajua ni wapi mgongo unauma na ni abiria gani hushuka akilalamika. La tatu: chombo kimegongeshwa ukutani, na matokeo yametangazwa? Vyuo vyetu vya uhandisi vinaweza kuanza na maabara ndogo ya majaribio ya viti, mikanda na fremu za bajaji, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakaifanya kuwa mradi wao.

Haya hayahitaji utajiri wa Tata. Yanahitaji tupange kazi kwa mfuatano sahihi: kwanza mtu, kisha chombo, kisha bei. Wahandisi wa Nano walituonyesha kwamba bei inaweza kushushwa kuliko yeyote alivyodhani. Ujuzi huo ni mali yetu sote sasa. Tuuchukue, tuutumie kwa mtu tuliyemuuliza kwanza, na tuanze na bajaji za umeme zinazounganishwa nchini leo, kabla viwanda vyake havijawa vikubwa kiasi cha kushindwa kubadilika.

Muda uliobaki ni wa maswali, na ningefurahi la kwanza litoke kwa mwanafunzi.